Mrejesho: walimu wameanza kuja maktaba

Ndugu zangu, mwanzoni mwa muhula niliwauliza: natunza maktaba ya shule hapa Arua, Uganda, kila wiki nabandika ubaoni matangazo ya vitabu na shughuli za mtaani, walimu hawasomi. Nifanyeje? Wengi mlisema nipunguze, kisha nimfuate kila mwalimu na kitu kinachomhusu.

Nimefanya hivyo. Ijumaa wakati wa chai naingia chumba cha walimu na karatasi moja, mambo matatu tu. Wa kwanza kuvutiwa alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Somo lake ni la lazima kidato cha 1 na cha 2 tangu mtaala mpya wa 2020, na vitabu havitoshi darasa zima. Nikamchapia hadithi fupi za African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto ambayo leseni yake inaruhusu kunakili bure. Zimo za Kiswahili na za Lugbarati, lugha ya huku kwetu, wanafunzi wanalinganisha mstari kwa mstari. Siku niliyowasikia wakisoma kwa sauti moja, machozi yalinilengalenga.

Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, nilianza kuitangaza wiki tatu kabla, si siku mbili kama zamani. Wazazi wafanyabiashara wa sokoni walikuja kuzungumza na watoto. Kiswahili chao cha biashara ni hazina, nashangaa tulichelewa kuwaita.

Walimu wa hisabati bado sijawapata. Mwenye mazoezi mazuri ya kuchapa, yasiyohitaji intaneti, tafadhali anielekeze. Asanteni sana.