Mjadala: Risasi zikilia madukani, mwenye bastola afanye nini?

Mwanzisha mada, Nakuru

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kulipa, supamaketi moja ya hapa mjini, nikasikia mshindo mkubwa. Watu wakalala chini. Mama mmoja alimfunika mtoto wake kwa mwili mzima, mkoba wa unga ukamwagika. Kumbe ni tairi la lori lililopasuka nje. Tulicheka baadaye, ila mimi sikucheka sana, kwa sababu mkono wangu ulikuwa tayari kiunoni.

Nina bastola yenye leseni tangu nianze kupeleka pesa za duka benki mwenyewe. Nilichunguzwa nikapita, na shabaha yangu si mbaya. Lakini pale kwenye foleni niligundua kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza: ukiwa katikati ya watu na mtu anawamiminia risasi, wewe mwenye silaha unafanya nini?

Msimamo wangu ni huu, mnichape nao. Bastola yangu ni ya mlango. Kama kuna njia ya kutoka, natoka na walio karibu nami. Kama hakuna, tunajifungia stoo na mimi nauangalia mlango; atakayeuvunja ana bunduki, huyo tutaonana naye. Simfuati mtu kati ya rafu. Si woga (sawa, si woga peke yake). Yeye huenda ana AK-47 na wenzake ambao sijawaona. Na risasi yangu ikimkosa haipotei hewani, inakwenda kumtafuta mwingine huko kwenye rafu ya sabuni.

Nimekosea wapi?

Mchangiaji, Kisumu

Umekosea Westgate, ndugu yangu, lile jumba la maduka la Nairobi lililoshambuliwa na magaidi. Tarehe 21 Septemba 2013 walioingia mapema kutoa watu ni askari wachache wasio na sare na raia wenye leseni kama wewe. Abdul Haji, ambaye sasa ni seneta wa Garissa, hakuwa askari. Alikwenda kwa sababu kaka yake alikuwa amekwama ndani, akaingia na bastola, akaishia kuwatoa watu asiowajua. Ile picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilizunguka dunia nzima. Katika shambulio hilo waliuawa watu 67. Kule juu maegeshoni kulikuwa na mashindano ya watoto ya mapishi. Sasa niambie, kila mwenye bastola angekaa akilinda mlango wake wa stoo, hao waliojificha chini ya meza za mkahawa wangetolewa na nani? Serikali ilichelewa, sote tunajua.

Silaha uliyopewa ili uende nayo benki tu, basi peleka pesa kwa simu uirudishe.

Askari mstaafu, Kakamega

Vijana, pole pole. Westgate hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nikae upande wa mwenye mada. Waliofanikiwa hawakukimbia ovyo. Walikwenda pamoja, mmoja akisogea mwingine akimfunika, na walikuwa na askari kando yao. Na hata hivyo, baadaye jeshi lilipoingia, iliripotiwa kwamba mkuu wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi. Huyo alikuwa askari mwenye mafunzo ya miaka. Wewe una shati la kitenge.

Mimi nimekuwa upande wa pili wa mlango, kwa hiyo niwaambie askari anaona nini. Anaingia ametoka juani, ndani kuna giza na moshi, watu wanapiga mayowe, na redio imesema "mtu ana bunduki". Hajaambiwa wako wangapi wala wamevaa nini. Anakuona umesimama na bastola. Ana muda wa kukuuliza leseni?

Marekani, ambako raia wenye silaha ni wengi kuliko kwetu, wameliona hili kwa macho. Mwezi wa Juni 2021, mji wa Arvada, Colorado, Johnny Hurley alimpiga na kumwangusha mtu aliyekuwa ametoka kumuua polisi. Kazi safi kabisa. Kisha akaiokota bunduki ya yule muuaji. Polisi mwingine akatokea, akaona mtu ameshika bunduki ndefu, akampiga. Alikufa shujaa, kwa risasi ya watu aliokuwa akiwasaidia.

Ndiyo, najua mtanitajia Greenwood, Indiana, Julai 2022, kijana Elisjsha Dicken aliyemzima muuaji katika jumba la maduka kwa risasi 10 kutoka mbali. Ni kweli, na bado watu watatu walikuwa wameshakufa. Lakini yule alikuwa anamwona adui yake waziwazi, mmoja, na alikuwa na mahali pa kujikinga. Ukipata hivyo vitatu, piga. Ukikosa hata kimoja, rudi mlangoni kwako.

Halafu kuna jambo letu sisi ambalo Wamarekani hawana. Hapa mtu mmoja akikuona na bastola akapaza sauti "mwizi!", umekwisha. Hutauliwa na gaidi wala na polisi. Utauliwa kwa mawe na watu uliotoka nyumbani ukawatetea.

Wakili, Nakuru

Kwa ufupi, kwa kuwa wengi wanadhani leseni ni ruhusa ya kupiga. Katiba yetu haimpi raia haki ya kubeba silaha. Leseni ni hisani ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hisani huondolewa. Ukipiga mtu, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaturudisha kwenye misingi ya zamani ya sheria ya Uingereza: je, hatari ilikuwepo, na nguvu uliyotumia ililingana nayo? Kumtetea mtu mwingine kunakubalika. Kumpiga mgongoni mtu aliyetupa bunduki na anakimbia, hapo jiandae kwa kesi.

Mfanyabiashara, Kibuye, Kisumu

Mmeongea milango, stoo, majumba ya maduka. Mimi nauza mitumba Kibuye. Mlango uko wapi? Jumapili pale huwezi kugeuka bila kumkanyaga mtu. Risasi ikilia tunakimbia sote, wanaoanguka wanaanguka. Wewe baba wa Nakuru ukiwa hapo na bastola yako, nakuomba jambo moja: usiitoe. Lala chini na sisi, au kimbia na sisi, umshike mtoto wa mtu mkono. Nikiona silaha mbili sokoni nitajuaje ipi ya kuiogopa? Nitazikimbia zote mbili, na njia ni moja.

Huyo wa kumwambia mwenzake airudishe bastola, ungekuwa nyuma ya meza yangu siku watu wanakanyagana ungebadilisha maneno.

Mwanzisha mada, Nakuru

Mama, umenishika. Niliwaza ndani ya kuta tu. Sokoni sina mlango, na kusema kweli sina shabaha ya kupiga kati ya vichwa vya watu. Nakubali: Kibuye inabaki kiunoni.

Kwa ndugu wa Kisumu, bado sijakukubali, ila swali la mkahawa limenikosesha usingizi. Nikiwa na mwenzangu mwenye silaha tunayejuana, pengine ningetoka. Peke yangu, hapana.

Mzee wa Kakamega, nimalizie. Tuseme nimempiga, ameanguka, nasikia polisi wanaingia. Niirudishe bastola kwenye ala?

Askari mstaafu, Kakamega

Mkono ukienda kiunoni wataona mkono tu. Iweke chini taratibu, rudi nyuma hatua tano, mikono juu, vidole wazi. Bunduki ya yule aliyeanguka usiiguse kabisa. Wakikupigia kelele ulale, lala. Leseni yako huweka wapi?

Mwanzisha mada, Nakuru

Mfuko wa nyuma wa suruali.

Askari mstaafu, Kakamega

Basi usiitafute. Waambie iko wapi, waitoe wenyewe.