Mjadala: Je, mnunuzi wa zabibu anahusika na kibarua wa shambani?

Wakuu, kwenye kikao cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma ilizuka hoja: kampuni inayonunua mzigo ifuatilie malipo na usalama wa vibarua, au hilo ni la mkulima peke yake? Wengi walisema la mkulima, kwa kuwa ndiye anayewaita kazini. Mimi nakataa kabisa.

Zabibu ikishakatwa haisubiri mtu. Gari la mnunuzi likichelewa siku mbili, kreti za chini zinavuja na nyuki wamejaa. Bei inashushwa palepale. Mkulima naye anamgeukia kibarua: "Njoo Jumamosi." Jumamosi ikifika, hela hakuna. Hapo kosa ni la mkulima tu? Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu, ya mwaka 2011, inaitaka kampuni ishughulikie hata madhara yanayotokea kwa wale inaofanya nao biashara.

Na ufuatiliaji wenyewe uwe wa kweli. Mkaguzi anakaa kivulini na msimamizi, anajaza fomu, kisha anamwita mama mwenye mkasi mkononi na kumuuliza mbele ya bosi wake kama analipwa vizuri. Mlitaka ajibu nini? Pale Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo huko Bangladesh, Aprili 2013, nyufa zilionekana siku moja kabla. Wafanyakazi wakaamriwa kurudi kushona, na jengo likaporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Ndipo kampuni za nguo zikasaini na vyama vya wafanyakazi makubaliano yenye nguvu ya kisheria, na mfanyakazi akapata haki ya kukataa kuingia jengo la hatari.

Nawasilisha.

Mkulima, Mpunguzi: Mkuu, mimi nina ekari moja. Gharama za ukaguzi nani atalipa? Mnunuzi akiona usumbufu atahamia kwa wenye mashamba makubwa, mimi nibaki nakamua mchuzi wa zabibu wa kuuza kwa bei ya kutupa.

Mleta mada: Hofu yako ni ya haki, ndugu yangu. Ndiyo maana nasema alipe mnunuzi, na mkataba utaje siku ya gari. Likichelewa, hasara iwe yake. Vibarua nao wachague wenyewe wa kuwasemea, msimamizi asiwepo. TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, kishirikishwe.

Kibarua, Hombolo: Mimi huvuna kila msimu, hakuna aliyewahi kuniuliza lolote. Akija, nitamwambia tulipwe jioni ileile, na kreti zihesabiwe mbele yetu.