Nahamia Kanada: vitu vya ndani niuze jumla, kimoja kimoja, au niwaachie ndugu?

Tunu_Kimara
Wakuu, habari za jioni. Viza zimetoka, tunahamia Ontario mimi, mume wangu na mtoto. Tiketi zinaruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila mtu. Kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao. Nina friji, TV, kitanda cha tano kwa sita na godoro, sofa, kabati, jiko la gesi na mtungi mkubwa. Dalali amekuja kuangalia, anatoa laki tisa kwa vyote na kirikuu analeta mwenyewe. Mama yuko Korogwe, anasema nisiuze, nimwekee yeye. Mliopitia haya nisaidieni kulinganisha.

FundiMajokofu
Dada, laki tisa ni bei ya mtu aliyeshajua una haraka. Tanguliza friji na TV, hivyo havikosi mtu. Tangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, picha upige mchana. Friji uisafishe mpaka kwenye mikunjo ya mpira wa mlango, na uiache ikiwaka. Mnunuzi makini anakuja na fundi, anashika ubavu kusikia kama unapata joto, anafungua friza aone barafu. Akiikuta imezimwa anashusha bei papo hapo. Na wa "nitakumalizia mwisho wa mwezi" usimpe kitu. Utamdai ukiwa wapi?

Mbagala_Kwetu
Mimi niko upande wa dalali. Kuuza kimoja kimoja ni kufungulia watu usiowajua mlango kila jioni, na una mtoto mdogo. Ila waite madalali watatu siku moja, waonane hapo sebuleni, bei itapanda yenyewe. Mtungi utoe kwenye hesabu ya jumla, hata mtupu una mnunuzi wake. Na LUKU nunua kidogo kidogo sasa, uniti zikibaki kwenye mita ni za mpangaji ajaye.

MamaWawili_Ottawa
Hongera mdogo wangu. Huku umeme ni volti 120, huko 230, kwa hiyo pasi, blenda na birika la umeme gawa bila kuwaza. Chaja za simu na kompyuta zilizoandikwa 100–240V zinahitaji plagi ya huku tu. Doti za kanga beba, hazili kilo. Kadi ya kliniki ya mtoto iwe kwenye mkoba wako wa mkononi pamoja na vyeti, maana shule za Ontario zinadai rekodi ya chanjo. Nasisitiza kwa sababu siku ya kuhama kila karatasi inatupwa kwenye boksi lolote lililo karibu.

Kama kuna kitu utaletewa baadaye, kiandike kwenye orodha utakayowapa forodha siku ya kuingia. Kisipokuwemo unaweza kutozwa ushuru.

Babu_Chumbageni
Mwanangu, muulize mama atakachotumia, hicho mpe kiwe chake. Sofa na godoro vikifungiwa stoo ni chakula cha panya na ukungu, na kila akifungua mlango anaona deni la kukutunzia. Nimeona wazee wanalala chumba kidogo ili kikubwa kihifadhi makabati ya watoto walioko nje, inaniuma sana. Ndugu wengine wagawie waziwazi, wote wakisikia nani kapewa nini. Ukimnong'oneza mmoja, watagombana wewe ukiwa mbali.

Tunu_Kimara
Shikamoo babu, nimekuelewa. Nimempigia mama, kumbe anachotaka ni friji, auze maji baridi na barafu pale nyumbani. Inakwenda kwake. TV na mtungi nimevitangaza. Kitanda, sofa na kabati naita madalali wiki ya mwisho, tutalalia mkeka. Swali moja: laini yangu ya simu mdogo wangu anaiomba. Nimpe?

Mbagala_Kwetu
Hapana dada. Imesajiliwa kwa alama zako za vidole, na ujumbe wa benki unaingia humo. Mdogo wako asajili yake. Yako ondoka nayo, washa huduma ya kuitumia nje ya nchi kabla hujafika uwanja wa ndege, na usiache ikae muda mrefu bila salio.