Nimetumwa Terminal 3 pale eapoti ya Dar kumpokea GM (meneja mkuu) mpya, na nafasi yenyewe ndio ile niliyofanyia usaili!!!

Wakuu natype mikono inatetemeka. Yule tajiri wa Nyerere Road, mwenye kampuni ya huduma za kihandisi na yadi ya winchi kubwa ya njano pale getini, mnamjua simtaji, leo kanifanyia kitu hata adui hafanyiwi.

GM wa zamani alivyoondoka nikaambiwa injinia kaimu nafasi yake. Nikakaimu, mshahara ule ule, posho ya kukaimu mpaka leo ni hadithi. Shatidauni ya kiwanda cha saruji, yaani mitambo inasimamishwa kwa muda ifanyiwe matengenezo, nimelala saiti mimi, kukimbizana na setifiketi za malipo mimi, tenda za NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, zinazofungwa saa nne asubuhi mnajua nani anakesha na intaneti inayozunguka tu. Nafasi ikatangazwa nikaomba kama watu wengine, wakaniita kwenye paneli, wakataka niende na mpango wa kampuni wa miaka 3. Nikawaandikia. Mikataba gani ya matengenezo tuikimbize badala ya hizi kazi za kuitwa jenereta likizima, madeni gani tuanze nayo, mitambo gani tuuze maana inakaa yadi inaota kutu. Tajiri akatikisa kichwa, "vizuri sana injinia, tutakujulisha".

Ndio wamenijulisha leo. Dada wa HR ananiambia kuna mgeni wa bosi anaingia na ndege ya Johannesburg, dereva ana udhuru, naomba ukampokee, kibao kiko kwenye bahasha. Nabeba bahasha naenda zangu. Nafika pale wanapotokea abiria, nimebanana na madereva wa hoteli, natoa kibao nainua juu, dereva wa pembeni ananisomea kwa sauti: Karibu Mr Fulani, GENERAL MANAGER.

GENERAL MANAGER!! Na nimekishika mimi! Majibu ya usaili wangu nimeyainua mwenyewe juu ya kichwa, Terminal 3 nzima inayasoma, nadhani hata waliokuwa bado angani juu ya Kisarawe walikisoma!

Halafu kimeprintiwa kwa rangi, kina nembo, kimepigwa lamineshini. Kampuni hii hii nikiomba kuprinti mchoro wa A1 naambiwa wino umeisha someni kwenye simu, mafundi wanafungua mchoro wa switchgear (makabati ya swichi za umeme mkubwa) kwenye simu iliyopasuka kioo, ila wino wa kunidhalilisha umepatikana.

Jamaa katoka, kasoma kibao, katabasamu, kanikabidhi begi. Njiani ananiambia ametokea kwenye mauzo ya vinywaji, ananiuliza hiyo shatidauni ndio kiwanda kinafungwa moja kwa moja? VINYWAJI wakuu.

Mimi ni Professional Engineer, ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, wananijua, mhuri ninao, na vyeti vyangu ndio vimeambatanishwa kwenye usajili wa kampuni pale CRB, bodi ya makandarasi. Sisemi lazima nipewe mimi. Mngeniita ofisini mkaniambia injinia umekosa, ningeumia, ningelala, ningeamka. Lakini kunibebesha kibao?!

kokoto_nusu
😂😂😂 mkuu ulivyosomewa ulikishusha au uliendelea kukishika?

Mleta uzi
Niliendelea. Abiria walishaanza kutoka, ningefanyaje?

kokoto_nusu
Basi wewe ni mfanyakazi bora wa mwaka 😂 tajiri anakujua vizuri sana

MamaTenda
Pole kaka, kibao ni ukatili. Ila tuseme ukweli, GM wa kampuni ya huduma za kihandisi sio fundi mkuu. Mteja anakulipa baada ya siku 90, mishahara inatoka kila mwisho wa mwezi, hapo katikati ndio kazi ya GM. Nimeona mainjinia wazuri kabisa wanapewa ukubwa, wiki ya pili unawakuta wamelala chini ya jenereta na suti, huku ankara hazijatumwa.

Mleta uzi
Mpango wangu ulikuwa wa hela mwanzo mwisho dada!! Na hata kama sifai, kwa nini kibao nishike mimi?

Spana19
Chomoa vyeti vyako kesho asubuhi, waandikie CRB barua. Tuone huyo wa soda atasajili kampuni na cheti gani.

msaka_haki_TZ
Posho ya kukaimu peleka CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Mgogoro usio wa kuachishwa kazi una siku 60, usizembee ukasema nilikuwa sijui.

kokoto_nusu
Na kibao apeleke kama kielelezo 😂 kina lamineshini hakitaharibika

Logbook_Haisainiwi
Nyie wakubwa mnalilia ugeneral manager, mimi niko SEAP, mafunzo kazini ya wahandisi wapya, miaka 3 hiyo inanipita na msimamizi wangu hasaini logbook (daftari la kazi nilizofanya), kila nikienda yuko saiti, nikienda saiti yuko ofisini. Nitaupata lini usajili?

Spana19
Msimamizi wako ndio mleta uzi, alikuwa eapoti

Ritensheni_Yangu
Aliyeaibishwa mshahara bado anapokea. Mimi ritensheni yangu, ile hela ya mkataba inayobakizwa mpaka kasoro zirekebishwe, imeshikiliwa, muda wa kurekebisha kasoro umeisha, mhandisi mshauri kasaini, nikienda kwa mlipaji faili halionekani, leo lilionekana ila mwenye ufunguo wa kabati kaenda msibani!!

MamaTenda
Ulishawapa risiti ya EFD, ya mashine ya TRA?

Ritensheni_Yangu
Wanataka risiti kwanza ndio walipe. Nikitoa risiti TRA wananidai VAT asilimia 18 tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hela yenyewe sijaiona.

MamaTenda
USITOE. Mimi nilitoa mwaka juzi, VAT nikailipa kwa mkopo, mpaka leo nalipia riba benki.

msaka_haki_TZ
Mama hiyo yako ilikuwa serikalini au mtu binafsi? Kama ni serikali mwambie jamaa aandike barua kwa afisa masuuli, yule mkuu anayewajibika na fedha za taasisi, asihangaike na wahasibu.

Ritensheni_Yangu
Barua nimeandika, nakala ya kupokelewa ninayo, ina mhuri. Wanasema ipo kwenye faili lile lile la kabatini.