Naomba ushauri: mtoto wa dada ana ulemavu wa akili, aanzie shule gani Dar?
Wakuu habarini, mtoto wa dada angu ana miaka 8, alizaliwa akachelewa kulia, siku chache mbele akawa wa njano mpaka macho, daktari anasema ubongo ulikosa hewa na ile manjano ikazidisha, ila bibi yake kashikilia karogwa anataka apelekwe kwa mganga, mi nimegoma kabisa.

Dogo anaongea maneno mawili matatu, choo siku hizi anasema mwenyewe (dada alishangilia kama kafaulu fom foo), kuhesabu ndo hamna kitu.

Sasa kwa mliosomesha Uhuru Mchanganyiko au Sinza Maalum, wanampima kwanza au unaenda tu na cheti? Na degedege likimkuta darasani walimu wanajua kumlaza ubavu? Tunakaa Mbagala, daladala asubuhi mnazijua.