MR2 SW20 inachemka uwanjani: nibadilishe mabomba ya chini au nihamishie rejeta nyuma?

PistoniNne
Wakuu salaam. Gari ni Toyota MR2 SW20 ya 1992, injini 3S-GTE ya tabo iliyo nyuma ya viti huku rejeta ikiwa mbele, inatumika siku za mbio tu upande wa Athi River, mwinuko wa mita 1,500 hivi. Barabarani joto la maji linakaa nyuzi 88 bila wasiwasi. Uwanjani raundi mbili za kwanza ni shwari, ya tatu inafika 104, ya nne 109, hapo inabidi mguu utoke kwenye mafuta. Raundi moja ya polepole inarudi 92. Sensa iko kwenye maji yanayotoka injini, sisomi geji ya dashibodi.

Vilivyobadilishwa: rejeta mpya ya alumini, wota pampu, kifuniko cha presha cha bar 0.9. Thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) fundi aliitoa ili maji "yapite huru". Sasa mabomba mawili makubwa ya chuma yanayopita chini ya gari kwenda mbele yamekula kutu kwenye ncha, na moja linatoka jasho. Nawaza ama niyabadilishe yote, ama niachane nayo kabisa, niweke rejeta nyuma kwenye tundu la ubavuni ili njia iwe fupi. Lipi la maana? Na je, urefu wa mabomba ndio unaoleta joto?

Bomba_la_Kati
Mkuu, urefu wa mabomba hauna kosa. Maji mengi ndani ya mfumo ni faida kwako: SW20 inameza takriban lita 13, ndiyo maana unapata raundi mbili za amani kabla joto halijapanda. Rejeta ya nyuma isahau. Matundu ya ubavuni yanalisha hewa ya kuvuta injini na intakula (kipoza hewa ya tabo), ni madogo, na hewa inayofika pale imeshavurugwa na mlango. Pua ya gari ndiyo inayopata hewa safi yenye nguvu.

Kabla hujanunua hata klipu moja, rudisha thamostati. Kwenye injini hii thamostati iko upande wa maji yanayoingia injini, na ina kisahani cha pili chini yake. Inapofunguka, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato ambayo maji huzungukia ndani ya injini wakati wa baridi. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji yanazunguka injini bila kuiona rejeta. Desturi ya kutoa thamostati ilikuwa na nafuu kwenye injini za zamani zisizo na kisahani, hapa inaleta ugonjwa. Weka ya kiwandani inayofunguka karibu 82, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kikae juu ili hewa ipite.

Kisha pima joto la hozi inayoingia rejeta na inayotoka, mara tu unapoingia piti baada ya raundi ya nne. Ukitumia bunduki ya kupimia joto, bandika kwanza utepe mweusi. Alumini inayong'aa hudanganya kipimo hicho vibaya sana. Tofauti ikiwa digrii 20 na zaidi, maji yanayopita ni machache: njia ya mkato, pampu, hozi inayonywea upande wa kunyonya, au hewa iliyonaswa. Tofauti ikiwa 5 hadi 10 huku yote mawili yakiwa juu, maji yanapita vizuri, kinachokosekana ni upepo kwenye rejeta.

Mama_Gereji
Naongeza moja: pima hedi gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku) kabla ya kufungua chochote. Ile dawa ya bluu ya kunusa hewa ya juu ya maji, ikigeuka njano kuna gesi ya moto inaingia. Gasketi inayoanza kufa kwenye injini ya tabo huonekana chini ya busti (presha ya tabo) tu, kwa hiyo ipime mara gari linapotoka uwanjani likiwa la moto, si asubuhi likiwa limepoa. Halafu pampu ya presha ya mkono, 1.0 bar injini ikiwa baridi, dakika 15. Sindano isishuke.

Mwinuko nao usipuuzwe. Mita 1,500 presha ya anga ni kama 0.85 bar, maji wazi yanachemka kwenye 95. Kwa kifuniko cha 0.9 unapata takriban 116, wakati pwani kifuniko kilekile kingekupa 119. Ukiwa na 109 kwenye sensa, kona za moto za hedi zimeshavuka hapo. Cha 1.3 kinakupandisha hadi 122 hivi, lakini kiwekwe *baada* ya mabomba mapya. Ukikiweka sasa, hilo linalotoka jasho litapasuka katikati ya raundi.

PistoniNne
Asante sana wote. Dawa imebaki bluu. Presha inashuka kidogo, na maji yanaonekana kwenye lile bomba. Vipimo kabla ya kurudisha thamostati: inaingia 105, inatoka 82. Kwa hiyo ni njia ya mkato. Thamostati imeagizwa. Nielekezeni sasa kwenye mabomba.

Bomba_la_Kati
Tofauti ya 23, ndiyo yenyewe.

Mabomba: kumbuka kwamba tangi la mafuta la SW20 limelala ndani ya handaki la katikati, na mabomba yako hapohapo. Kwa hiyo hakuna kuchomelea wala kukata kwa grainda yakiwa kwenye gari. Hata kiraka kidogo. Inua gari kwenye stendi nne, toa vifuniko vya chini, mwaga maji, shusha mabomba mazima, mengine yote yafanyike mezani. Ukiwa hapo toa pia yale mawili membamba ya hita, kama makubwa yameoza nayo yameoza.

Pima kipenyo cha nje kwa vernier kwenye sehemu isiyo na kutu, tengeneza mapya kwa kipimo hichohicho. Usipunguze. Kona zipindwe kwa mashine yenye kiini cha ndani, nusu kipenyo cha kona isipungue mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba. Mashine ya kupindia mabomba ya nyaya za umeme inabonyeza kona, na kila kona iliyobonyea ni koo jembamba. Ncha zote ziwe na ukingo ulioinuliwa kama milimita 1.5, bomba laini bila ukingo huchomoka kwenye hozi likipata joto na presha, hata klipu ikazwe namna gani. Hozi iingie milimita 30, klipu ikae nyuma ya ukingo, si juu yake.

Shikilia bomba kila sentimita 40 hadi 50 kwa klipu zenye mpira. Usifunge ncha zote mbili kwa ugumu: alumini ya mita 2 ikitoka nyuzi 20 hadi 100 inarefuka karibu milimita 4. Hizo milimita zibebwe na hozi fupi kila upande, la sivyo weldi ndiyo itakayopasuka.

Mama_Gereji
Kwa alumini tunatofautiana kidogo. Kwa gari linalokwangua chini kwenye kabu (kingo) za uwanja, mimi ni stenlesi 304, ukuta wa milimita 1.5. Mafundi wa eksozi wanayo, ila njoo na sumaku: ikishika kwa nguvu wamekupa stenlesi ya 409, nayo hupata kutu. Mabomba ya mabati usiyaguse, zinki inapambana na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na kuacha matope yanayoziba rejeta. Bomba jeusi la maji ndilo unalolitoa sasa, kwa nini ulirudishe?

Kujaza ndipo wengi wanapoharibu. Mbele kuna vizibo viwili vya kutolea hewa, kimoja cha rejeta na kimoja cha hita. Visha kila kimoja mpira unaoona ndani, ufunge wima kwenye boneti iliyo wazi, mdomo uwe juu kuliko mdomo wa kujazia ulioko nyuma kwenye injini. Fungua vizibo, weka hita kwenye moto, jaza nyuma polepole. Maji yatapanda kwenye mipira hadi yalingane na kimo cha nyuma. Yakikoma chini ya hapo kuna hewa njiani. Kamua hozi kubwa kwa mkono, subiri, ongeza. Yakilingana, funga vizibo, washa injini bila kuipandisha, subiri thamostati ifunguke na feni zizunguke mara mbili, zima, acha ipoe kabisa, rudia kujaza. Hesabu lita. Mfumo mkavu ukipokea 10 ukakataa, hizo 3 zilizobaki ni hewa.

Ukitumia kifaa cha kunyonya kwa kompresa, usitafute hasi 0.9 kwenye geji. Kwa mwinuko wako anga lenyewe halifiki hapo; hasi 0.7 ikisimama dakika 5 inatosha.

Cha kujaza: maji yaliyochujwa na dawa ya kuzuia kutu. Viwanja vingi havipendi glaikoli (kulanti ya kuzuia kuganda) kwa sababu ikimwagika lami inakuwa kama sabuni, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu unabeba joto pungufu kuliko maji.

PistoniNne
Mrejesho: stenlesi imefungwa, zimeingia lita 13, thamostati ipo. Raundi sita mfululizo: inaingia 99, inatoka 91, na haipandi tena. Bado ningependa 95. Niongeze feni?

Bomba_la_Kati
Hapana. Kwa kasi ya uwanjani feni ni kizuizi tu mbele ya upepo. Tofauti ya 8 inasema maji yapo ya kutosha, sasa ni hewa. Lala mbele ya gari na tochi: kila pengo kati ya bampa na rejeta linalopitisha kidole, hewa inapita hapo badala ya kwenye mapezi. Ziba kwa karatasi ya alumini ya milimita 1 na sponji ngumu, pande zote nne, na usisahau chini. Kisha angalia kama kifuniko cha chini cha pua kipo. Kikikosekana, hewa ya chini ya gari inasukuma dhidi ya ile inayotoka kwenye rejeta, na wamiliki wengi hukitupa baada ya kukigonga mara ya kwanza.

PistoniNne
Hakipo 😂