Tupeane uzoefu: Kukimbia kando ya maji ukiwa mgeni kwenye mji wa kale

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni wa wale ambao wakipanga safari, raba ndizo zinazoingia begini kwanza. Leteni visa vya mbio za kando ya bahari au mto kwenye miji ya kale mliyotembelea. Nafungua mimi.

Lisbon, safari ya kikazi ya siku 3. Asubuhi ya pili nilitokea Praça do Comércio, ule uwanja mkubwa unaotazama mto Tagus, nikashika njia ya magharibi kwenda Belém. Tambarare tupu, maji kushoto kwangu. Ukipita chini ya daraja la 25 de Abril unasikia magari yakivuma juu kama mzinga wa nyuki. Nilikuwa nateleza tu, jasho halitoki, nikasema kumbe mwili bado ninao! Kilomita kama 7 baadaye nikafika Mnara wa Belém, ile ngome ya karne ya 16, nikapiga picha zangu, nikageuza.

Lo! Upepo ukanipiga kifuani. Kumbe muda wote ule ulikuwa unanisukuma, na mimi najisifu. Sijamaliza kilomita 2 kichomi hiki hapa, nikaanza kutembea. Treni za kwenda Cais do Sodré, stesheni iliyo karibu na nilipoanzia, zinapita palepale kando ya mto, nikawa nazihesabu tu, maana mfukoni nilikuwa na ufunguo wa chumba basi. Nilifika nimechelewa kikao. Siku hizi nikitoka naanza kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi unibebe.

*

Pole mkuu, ila afadhali wewe. Mimi Venice ilininyoosha kwa ngazi. Kwenye ramani niliona Riva degli Schiavoni imenyooka kando ya maji hadi bustani za Giardini, nikajua hapa nitakata upepo. Ramani haikuniambia kwamba kila mfereji una daraja, na kila daraja lina ngazi za kupanda na kushuka. Ukishapata mwendo, ngazi. Marathoni ya pale wanalazimika kuweka njia za mteremko juu ya madaraja ili watu wapite. Mimi nani aniwekee?

Kurudi nikakatiza vichochoroni, saa ikapoteza satelaiti kwa sababu ya kuta. Ikadai nimekatiza mifereji kwa miguu bila kulowa, tena kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Sikuifuta ile rekodi, mtanisamehe.

Jambo la kuwaonya: vile vingazi vinavyoshuka majini kwa ajili ya boti, vya chini vina mwani. Nilishuka kidogo nipate picha nzuri, nikakaa chini bila kupenda. Goti lilivimba siku 4.

*

Dada pole, lakini picha ndizo zinazotuponza. Mtu ukikimbia, kimbia.

Mimi Istanbul. Nilitoka upande wa Karaköy alfajiri nikavuka daraja la Galata, na wavuvi walikuwa wameshajipanga ukingoni, ndoano zinaruka nyuma ya vichwa vyao kabla ya kutupwa majini. Nikapita nimeinama kama naingia kwenye kibanda. Ukishavuka ukazunguka rasi ya Sarayburnu, mambo yanabadilika: kulia mabaki ya kuta za kale za Konstantinopoli (Istanbul ya zamani), kushoto Bahari ya Marmara na meli zimetia nanga. Pale nilijikuta napunguza mwendo mwenyewe, si kwa kuchoka.

*

Havana, Malecón. Kama kilomita 8 za ukuta na bahari, kivuli hakuna. Nilitoka saa 4 asubuhi, kosa langu. Siku ya pili bahari ilichafuka, mawimbi yakawa yanaruka ukuta hadi barabarani, nikaloa hadi soksi. Na kuloa kwenyewe kulikuwa afadhali kuliko lile jua.

*

Mleta uzi nimerudi. Anayesema picha zinatuponza, hizo meli ulizotia nanga kwenye maelezo yako bila picha tutaziaminije? Dada wa Venice, tuwekee ile rekodi ya kutembea juu ya maji.